Kutojua Si Msiba

Katika mji wa Moshi na vijiji vya mlima Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Machame, kuna dai ambalo ni nadra kupingwa hadharani: kwamba binadamu hawezi kuubeba mzigo wa jambo asilolijua sababu yake. Mtoto akifa ghafla, mibuni ikikauka, gari likipinduka, lazima pawe na jibu. Hospitali au bwana shamba akishindwa kulitoa, jibu hutafutwa kwa mganga, kwa nabii, kwenye mafuta ya upako au katika ndoto ya ndugu. Watetezi wa dai hili si wajinga. Wengi ni wasomi, na hoja yao huieleza kwa upole: hata kama jibu hilo si la kweli, linampa mfiwa usingizi, na asiye na kitu cha kumpa badala yake hana haki ya kumnyang'anya. Uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew uliotolewa mwaka 2010 ulikuta asilimia 93 ya Watanzania waliohojiwa wakikiri kuamini uchawi. Wingi huo unaeleza kwa nini dai ni zito kuligusa. Hauelezi kama ni sahihi.

Nguzo yake kuu ni kwamba faraja haimdhuru mtu. Nguzo hiyo ilivunjikia Moshi kwenyewe. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, jioni, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana na wengine wakajeruhiwa, katika ibada iliyoongozwa na Mtume Boniface Mwamposa wa huduma ya Inuka Uangaze. Waumini walikuwa wameelekezwa kukanyaga mafuta ya upako ili wapate uponyaji na baraka, na umati ukasukumana kuyawahi. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Hawakuwa wamekwenda uwanjani kwa fujo. Walifuata kile kile kinachosemwa hakina madhara: uhakika kwamba ugonjwa utaondoka, ada ya shule itapatikana, kizazi kitafunguka. Mtu anayeamini kwamba nguvu ya kumwokoa imo katika mafuta yaliyomwagwa chini, na kwamba atakayechelewa atayakuta yamekwisha, hana sababu ya kungoja zamu. Baadaye lawama nyingi zilielekezwa kwenye mlango wa uwanja na upungufu wa ulinzi. Mlango mpana ungeokoa maisha, na jambo hilo lisipuuzwe. Lakini si mlango uliowaita watu wakimbie.

Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, magari yaliyojaa wagonjwa yalitoka Moshi, Arusha, Nairobi na kwingineko kuelekea kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana zaidi kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutoka mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alieleza kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo ndotoni. Kikombe kimoja, iliaminiwa, kilitosha kwa ukimwi, kisukari, saratani na pumu. Foleni ya magari ilirefuka kilomita nyingi, hadi mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe akaomba watu wasiendelee kuja mpaka msongamano upungue. Wagonjwa walifia njiani na kwenye foleni. Wapo waliotolewa wodini na ndugu zao ili wawahishwe kikombe, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU kwa kuamini kwamba wamepona. Bei ile ndogo ndiyo inayotajwa hadi leo kumtetea Masapila, aliyefariki Julai 2021: hakujitajirisha kwa shilingi mia tano, basi hakuwa tapeli. Yawezekana kabisa. Lakini mtu mwaminifu naye anaweza kumgawia mgonjwa uhakika asio nao, na kirusi hakitofautishi uhakika wa mwaminifu na ule wa tapeli.

Watetezi watasema Majengo na Samunge ni matukio ya mara moja, na kwamba faraja ya kila siku, ile ya nyumbani na ya kimyakimya, haimuui mtu. Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, maana gharama ya faraja ya kimyakimya mara nyingi hailipwi na anayefarijiwa. Jibu la mpiga ramli haliishii kwenye kusema kwamba msiba una sababu. Linasema sababu ina jina, na jina hilo ni la mtu aliye hai na anayeishi karibu. Mpiga ramli asemaye "sijui" hana wateja. Kwa hiyo lazima ajue, na ajuapo, kuna mtu ataumia. Waganga wa namna hii Watanzania wamewapa jina linalowafaa, wapiga ramli chonganishi, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo, inamhesabu kuwa mkosaji hata mtu anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Wakoloni walioitunga walikuwa na sababu zao, lakini kipengele hicho kimoja kiligusa penye kidonda.

Mlimani kidonda hicho kina sura yake. Ardhi ni finyu, kihamba (shamba la ukoo) hurithiwa na kugawanywa kizazi baada ya kizazi, na mpaka wake mara nyingi ni mstari wa masale tu. Tuhuma, kama maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba), hufuata mteremko: huelekea kwa mjane aliyebaki na shamba la marehemu, kwa shemeji anayegombea mpaka, kwa mama mkwe asiyependwa. Anayetuhumiwa hana namna ya kujitetea, kwa sababu kosa lenyewe halina ushahidi unaoweza kukanushwa. Sale ni jani ambalo Mchagga hulichukua kwenda kumwomba mwenzake msamaha, na likitolewa ni vigumu kulikataa. Ramli imeligeuza kuwa alama ya upande wa pili anakokaa mchawi. Mfiwa mmoja amelala usingizi usiku huo. Nyumba ya pili haitalala kwa miaka.

Faraja ya kanisani na msikitini ni ya upole zaidi, na kwa sababu hiyo huchunguzwa kidogo zaidi. Hakuna maneno yanayosikika mara nyingi kuliko haya penye jeneza: kazi ya Mungu haina makosa. Yakisemwa mbele ya kaburi la bibi wa miaka tisini, hayamdhuru mtu. Yakisemwa mbele ya mama wa miaka ishirini na tano aliyetokwa damu hadi kufa baada ya kujifungua, yanafunga faili. Nani aliamua kumpeleka hospitali, na saa ngapi? Gari lilipatikana lini? Damu ilikuwapo? Taratibu za afya nchini zinataka kila kifo kitokanacho na uzazi kijadiliwe ili ijulikane kilichopungua, na mjadala huo unawahitaji ndugu wanaokumbuka saa na dakika. Ndugu waliokwisha kuambiwa kwamba hapakuwa na kosa hawana cha kukumbuka. Ajali za Desemba, wakati maelfu wanaporudi mlimani kuhesabiwa na ndugu zao, hupata maelezo ya aina hiyo hiyo kwa njia nyingine. Basi likipinduka, maneno ya kwanza mitaani huwa ni kafara: mwenye basi ametoa watu ili biashara isimame, au barabara yenyewe inadai damu. Ukishasema kafara, breki hazina haja ya kukaguliwa wala dereva hana haja ya kuulizwa aliendesha saa ngapi bila kulala.

Taifa zima nalo liliwahi kujaribu faraja hii. Mgonjwa wa kwanza wa korona aliyetangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa abiria aliyeshukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro siku moja kabla. Mwezi uliofuata zilitangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa. Mwishoni mwa Aprili takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa, na Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umeondolewa kwa uwezo wa Mungu. Hofu ya wakati ule ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuwa na dawa, mlimani wala Ulaya. Lakini kati ya kusema "hatujui ugonjwa huu utakwenda wapi" na kusema "umekwisha", kauli ya pili ndiyo iliyowafanya watu waache kunawa na kukaa mbalimbali. Wakati wimbi jingine lilipofika mwanzoni mwa mwaka 2021, wafiwa walijikuta wakizika ndugu waliosemekana kufa kwa "changamoto ya upumuaji". Takwimu zilirudi kutolewa katikati ya mwaka huo. Maneno yale, "changamoto ya upumuaji", ni ushahidi wa kile uhakika wa kubuni hufanya: ulipowadia wakati wa kuomboleza, hata jina la kilichoua halikuwa halali kutamkwa.

Nguzo ya pili ya dai ni kwamba sayansi nayo haijui. Hili ni kweli, na linastahili kukubaliwa bila kusitasita. Mfano mzito uko Moshi kwenyewe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za mji huo. Madaktari waliowapokea waliandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ndiyo iliyokuwa imewaangusha wagonjwa 14 tu. Wengine walikuwa na vimelea vya bakteria kwenye damu, wengine chikungunya, na kati ya waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, kama homa ya brusela na leptospira, takribani robo walikutwa nayo. Wapo pia ambao homa yao haikupata jina lolote.

Mtetezi wa mganga huona hapa ushindi: kumbe hata mwenye koti jeupe anabahatisha. Ndiyo, alibahatisha. Neno malaria lilifanya kazi ile ile ya ramli: lilijaza nafasi iliyokuwa wazi, likamtuliza daktari, mgonjwa na ndugu aliyekaa benchi, na ugonjwa wenyewe ukaendelea ndani ya mwili bila dawa yake. Daktari aliyeandika jina asilokuwa na hakika nalo alifanya kosa la mpiga ramli, na kumwita msomi hakupunguzi uzito wa kosa. Tofauti iko katika kilichofuata. Kosa hilo lilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kuanza upya na kutojua, wakachukua damu, wakaiotesha maabara, wakahesabu, kisha wakachapisha hesabu iliyowaaibisha wenzao. Hakuna ramli iliyowahi kuhesabiwa hivyo. Haijulikani ni wangapi kati ya wagonjwa 870 wa mganga aliwapatia, kwa sababu mganga haandiki waliokufa.

Barafu ya Kilimanjaro inaonyesha jambo hilo hilo kwa urefu wa miaka. Mwaka 1912 ilifunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani Lonnie Thompson na wenzake, baada ya kuitoboa barafu kileleni na kutoa sampuli zake, walikadiria kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo ikapita, na barafu bado ipo, ingawa ni vipande. Wataalamu wengine, akiwamo Georg Kaser wa Austria, walikuwa wamekwisha kubisha kuhusu sababu zenyewe: ni joto la hewa peke yake, au ni ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, ambao ulipunguza theluji mpya na kuliacha jua lile barafu na kuigeuza mvuke bila hata kuyeyuka? Ubishi huo haujaisha wote. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 iliitaja barafu hiyo miongoni mwa zile zitakazotoweka ifikapo 2050.

Kwa mtu anayetaka uhakika, historia hii ni aibu. Kwa hakika ndiyo heshima ya kazi yenyewe. Makadirio yaliyotaja miaka yalijiweka mahali pa kushikwa, na yalipokosea yakashikwa. Anayesema kwamba barafu inaondoka kwa sababu Mungu amekasirishwa na watu hajataja mwaka, hajataja kipimo, na hakuna siku itakayomkuta amekosea. Hiyo ndiyo sababu maneno yake hutuliza. Hayawezi kukosea kwa sababu hayajasema kitu.

Nguzo ya tatu huitwa mila: kwamba wazee wa mlima daima walikuwa na jibu la kiroho kwa kila jambo, na anayehimiza mashaka analeta ugeni. Historia ya mlima haisemi hivyo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa kilele kwa mara ya kwanza. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu kile. Imeandikwa kwamba aliuita weupe huo "beredi" tu, baridi. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima huu, alishikilia kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kati ya kiongozi yule na Cooley, aliyekuwa sahihi ni yule aliyesema kwa kiasi cha alichokijua.

Wamisionari wa miaka hiyo waliandika pia kisa walichosimuliwa kuhusu Rengua, mangi (mtawala) wa Machame. Mangi huyo hakuridhika na uvumi kuhusu kitu cheupe kileleni. Alituma kundi kubwa la watu kwenda kukichunguza, akitumaini huenda kikawa madini ya fedha. Akarudi mmoja, mikono na miguu imelemazwa. Wenzake walikuwa wameangamizwa na baridi na hofu ya usiku, kwa kuwa maumivu yaliyowapata waliyadhania kuwa mashambulizi ya pepo wabaya, wakakimbia ovyo gizani. Kisa hiki kina mila mbili ndani yake. Ipo mila ya mangi aliyekiri kutojua akatuma watu wakaone, na ipo mila ya hofu iliyojua mara moja kwamba ni pepo. Wanaodai kutetea mila ya Wachagga huchagua ya pili na kuisahau ya kwanza.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko visa vyote ni kihamba. Mkulima wa mlimani hakuwahi kujua mwaka gani mvua ya masika itachelewa, ugonjwa gani utaishambulia kahawa, wala bei ya mnada itaangukia wapi. Asiyejua hivyo, na akakubali kwamba hajui, hapandi zao moja. Hupanda migomba ya mchare, ndishi na kisukari, chini yake kahawa, chini zaidi magimbi na maharage, juu yake miti ya kivuli na mbao. Huweka mbuzi na ng'ombe zizini kwa ajili ya samadi, huchepusha maji ya mfongo, kisha hushuka tambarare kulima mahindi katika shamba la pili, ili pakiharibika huku pasiharibike kule. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro. Utaratibu huu wote, uliojengwa kwa karne nyingi, umesimama juu ya neno "sijui". Mkulima yule yule huenda alichinja na kumwomba Ruwa, Mungu wa Wachagga, na mizimu ya babu zake. Alifanya hivyo, na hakuna haja ya kumfichia. Lakini hakung'oa migomba kwa kuwa kafara imepokelewa. Sambaza mzigo, pima, jaribu mbegu mpya kwenye kona ndogo ya shamba: hivyo ndivyo alivyoishi. Mtu anayecheka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa sababu unasema "uwezekano wa mvua za wastani hadi chini ya wastani" angeuelewa vizuri zaidi kama angemuuliza babu yake alikuwa akipanda vipi.

Wengine watapinga kwa jina la dini, na Moshi ni mji wa makanisa na misikiti. Ila dini zenyewe, katika maandiko na mazoea yake mazito, zina nafasi pana ya kutojua kuliko mahubiri ya mafuta yanavyokubali. Marafiki wa Ayubu walimletea sababu ya mateso yake, kila mmoja kwa ufasaha: umetenda dhambi. Mwisho wa kitabu wanakemewa kwa kutonena yaliyo sawa, na Ayubu haambiwi hata mara moja kwa nini aliteseka. Wanazuoni wa Kiislamu nao wana desturi ya kumalizia fatwa kwa Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi, baada ya kusema yote waliyoweza kuyasema. Anayemtangazia mgonjwa wa saratani kwamba amefunuliwa sababu na tarehe ya kupona kwake amejitwalia kile ambacho Ayubu alinyimwa.

Hubaki swali la ukatili: mfiwa apewe nini? Hapa watetezi wa dai hawatazami kinachotokea mbele ya macho yao katika kila msiba wa mlimani. Habari ikishasambaa, majirani hufika kabla ya kuitwa. Wanawake huja na kuni, ndizi na maziwa. Wanaume huchimba kaburi ndani ya kihamba, karibu na migomba. Chama cha kuzikana hutoa turubai, sufuria na michango. Mtu hukaa usiku kucha karibu na moto na mwenye msiba, mara nyingi bila kusema neno. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji kujua kwa nini marehemu amekufa. Maelezo huja baadaye, na mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye hakuchimba kaburi. Waliofiwa wakiulizwa miaka kumi baadaye ni nini kiliwasaidia, hutaja watu waliokaa nao. Kudai kwamba bila jibu la kubuni hakuna faraja ni kuwapunja hao waliokesha.

Kipimo kigumu kuliko vyote kwa hoja hii ni saratani ya umio, mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mkoa wa Kilimanjaro umo katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambao ugonjwa huu umejazana kwa kiwango kisicho cha kawaida, na huwashika hata watu wa miaka thelathini au arobaini. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na nyama, kisha ugali, kisha mtori, mwishowe maji. Ugonjwa wa mtu kushindwa kumeza unaelekea mno kufasiriwa kuwa amelishwa kitu, na kila harusi, kila kibuyu cha mbege alichokunywa mwaka ule hugeuka kuwa eneo la uhalifu. Wakati ukoo unatafuta aliyemlisha, uvimbe unakua. Wengi hufika hospitali ukiwa umekwisha kuziba njia, na kinachoweza kufanyika ni kuwekewa mpira wa kupitisha chakula.

Na sababu haijulikani, si kwa ukamilifu. Tumbaku na pombe, ambavyo kwingineko duniani hueleza sehemu kubwa ya ugonjwa huu, hapa havitoshi kueleza. Ndiyo maana watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na wenzao wa Eldoret nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi, wakishirikiana na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wamewahoji wagonjwa na wasio wagonjwa kuhusu mambo ya kawaida kabisa: chai hunywewa ya moto kiasi gani, jiko la kuni lina dirisha, meno yamebaki mangapi, maji yalitoka chemchemi gani. Mwaka 2016 shirika hilo liliorodhesha vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Afya mbaya ya meno, na madoa ya kahawia yaletwayo na floraidi iliyozidi katika maji ya maeneo ya volkano, vimeonekana kuambatana na ugonjwa. Moshi wa jikoni unatiliwa shaka. Kila kimoja ni kipande, na hakuna anayeweza bado kuviunganisha vyote.

Huo ndio ukweli unaopaswa kuambiwa familia iliyokaa kwenye benchi la hospitali. Mtoto wa marehemu akiuliza kwa nini baba, na si jirani aliyekunywa naye chai ile ile kutoka birika lile lile kwa miaka arobaini, jibu la haki ni kwamba haijulikani, na kwamba hakuna aliyemlisha. Kinachojulikana ni kidogo, na kinatosha kuanza nacho kesho asubuhi: chai iachwe ipoe kabla ya kunywewa, jiko litobolewe pa kutokea moshi, meno ya watoto yatunzwe, na siku ile ya kwanza kabisa tonge la ugali linapokwama kifuani, safari iwe ya kwenda kupimwa kwa kamera, wakati maji bado yanapita.